Mlango wa Kadi Mbili

Foleni ya kadi ilianzia mlango wa utawala ikazunguka hadi nyuma ya jiko la hospitali, na kila aliyetoka alitoka anaitazama kadi yake kama mtu aliyevishwa nishani. Kwa ukubwa zilikuwa sawa. Kwa heshima, hapana. Kadi ya mlinzi wa lango kuu ilikuwa ya kijivu, nyepesi kama ganda la biskuti, na ilifungua vitu viwili: lango, ambalo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilifungua mwenyewe kwa mkono, na choo cha wafanyakazi. Kadi ya mke wake, karani wa bohari ya dawa, ilikuwa nyeupe, na ubavuni ilikuwa na kipande cha dhahabu kidogo kama ukucha wa mtoto. Hiyo ilifungua lango, choo, bohari, chumba cha friji, kompyuta, na mlango mmoja mwembamba wa chuma mwisho wa korido, ambao mlinzi hajawahi kuona ndani yake.

"Hiki kidhahabu kinafanya nini?" aliuliza jioni hiyo nyumbani, akiigeuzageuza kadi ya mkewe kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndiyo chipu hiyo. Ina akili. Namba yangu ya siri inakaa humo humo, haitoki."

"Namba gani?"

"Ya siri, baba watoto. Ndiyo maana ikaitwa hivyo."

"Siri kwa wezi. Kwangu je?"

"Kwako pia. Tumesaini."

"Umesaini kunificha mimi?"

Binti yao, aliyekuwa anafanya hesabu za shule kwenye kona ya meza, aliinamisha uso karibu daftari limmeze. Mama akachukua kadi yake taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaitia kwenye pochi.

Hospitali ilikuwa imejaribu njia zote kabla ya hiyo. Kwanza ilikuja nywila, na wiki haikuisha kila kompyuta ilikuwa na kikaratasi chini ya kibodi. Idara nzima ya mapokezi ilitumia nywila moja, jina la paka wa jikoni. Ikaletwa mashine ya vidole. Hiyo iliwakubali mabosi ikawakataa wafuaji wa mashuka, maana sabuni na dawa zilishawafuta alama za vidole zamani. Mama mmoja wa kufulia alibonyeza mpaka kidole kikawa chekundu, mashine ikamwambia hatambuliki. "Mwambieni bosi aliyeileta," akasema, "mashuka anayolalia mgonjwa wake nimefua mimi."

Na kabla ya yote hayo njia ilikuwa moja tu: Kamera. Ndivyo manesi walivyomwita mlinzi wa lango. Alimjua mtu kwa bega, kwa kikohozi, kwa namna anavyoburuta kisigino. Kuna mwizi aliwahi kuingia na koti jeupe na kipimo cha moyo shingoni, Kamera akamshika hatua ya sita. Walipomuuliza amejuaje, akasema, "Daktari hatembei hivyo. Daktari hutembea kama anadaiwa."

Siku ya mafunzo ya kadi waliitwa wote ukumbini, isipokuwa walinzi. "Mkija nyie, langoni atakaa nani?" Katibu wa hospitali aliuliza, na swali lenyewe lilikuwa na mantiki. Walipelekewa soda langoni, moja kwa watu wawili, ya moto. Kwa hiyo Kamera hakusikia fundi wa mitambo akieleza kwamba nywila huibwa mwenyewe asijue, na kidole kikiharibika huwezi kupewa kingine, lakini kadi ikipotea unajua imepotea, na aliyeiokota bado hana namba. Hakusikia pia kwamba mtu akikosea namba mara tatu, kadi inajifunga yenyewe. Wakati hayo yanasemwa, yeye alikuwa anamwachia mwenzake nusu ya soda.

*

Fundi huyo wa mitambo walimwita Bwana Chipu. Machoni pa Kamera alikuwa na tabia mbaya sana: hakuwa na kasoro. Shati lake lilikuwa na mkunjo wa pasi mpaka jioni. Alisalimia kila mtu. Alinukia vizuri, na akishapita harufu ilibaki langoni kama mtu aliyesahau koti.

Mtu wa namna hiyo unaweza kumsamehe kama yuko mbali. Lakini walimwekea Kamera skrini kwenye kibanda chake, awe anaangalia kadi zinavyopita kwenye milango yote. Mistari ilishuka kutwa nzima: saa, mlango, namba ya kadi. Sura hakuna. Mwanzoni aliidharau. Baadaye akajua kadi 117 ni mke wake na kadi 4 ni Bwana Chipu, na tangu hapo hakuidharau tena.

Kila siku ya kazi, saa kumi kasorobo alasiri, mstari ulikuwa huu: mlango wa chuma, kadi 4. Sekunde tano baadaye: mlango wa chuma, kadi 117. Dakika arobaini kimya. Kisha zinatoka, moja nyuma ya nyingine, kama watu waliotoka kanisani.

Kamera alianza kuandika kwenye daftari dogo. Jumatatu, sekunde tano. Jumanne, sekunde tano. Jumatano, sekunde nne. Hiyo sekunde moja iliyopungua ilimkosesha hamu ya kula. Watu walianza kupita langoni bila kuangaliwa. Muuguzi wa wodi ya watoto alikata nywele zote, akapita mara tatu, Kamera hakuona.

"Kamera umeharibika lenzi?" alimtania.

"Pita, dada, pita."

Ijumaa hakuvumilia. Mkewe hakuwa hata amevua viatu.

"Leo saa kumi kasorobo ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Chumba cha mitambo. Nahamisha daftari la zamani la dawa kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe iko humo."

"Na yule anayenukia?"

"Lazima awepo. Ule mlango unataka kadi mbili. Ukiwa peke yako haufunguki, ili mtu asikae na orodha ya dawa peke yake akaichezea."

Kamera alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mama, mimi nimelinda milango miaka kumi na tisa. Mlango unamkataa mtu, au unamkubali. Mlango unaodai watu wawili waingie pamoja sijauona. Hata kitanda hakina masharti hayo!"

Binti alikusanya vitabu vyake akahamia jikoni.

"Kaulize," mke alisema.

"Nimuulize nani? Yeye?"

"Muulize yeyote. Unajua, wewe unakaa kwenye kile kibanda unasoma namba, namba hazina sura, unazivisha sura wewe."

"Na namba yako ya siri? Nitajie basi hiyo, tuishie hapo."

"Siwezi."

"Basi."

"Barua yangu ni Jumatatu," alisema mke, sauti imeshuka. "Unajua. Miaka minane nasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila Desemba silali. Jumatatu wananipa ajira ya kudumu. Nikimtajia mtu namba, hata huyo mtu awe mume wangu, nimejichongea. Naomba unielewe mpaka Jumatatu tu."

Ukweli wote usemwe, maana mwongo ni yule anayeacha nusu. Mke wa Kamera alikuwa anazipenda zile dakika arobaini. Chumba kilikuwa na kiyoyozi, na bohari ilikuwa na joto la tanuri. Halafu Bwana Chipu alikuwa na mazoea ya kumuuliza, "Wewe mwenye kazi unaonaje?" na akisema anavyoona, yule bwana alifuata. Nyumbani hakuna aliyemuuliza hivyo kwa muda mrefu. Lakini kati ya kupenda kuulizwa na lile alilokuwa akiliwaza Kamera kulikuwa na safari ya siku tatu kwa miguu.

Na kama vile moto haukutosha, akaingia dada yake Kamera. Alikuwa msusi, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na kila Ijumaa alikuja kusalimia mpaka chakula kinapoisha. Alimkuta kaka yake nje, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Wifi yangu kanuna, na wewe umenuna. Nani kafa?"

Kamera akamweleza. Dada alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa raha ya mtu anayepata habari ikiwa bado ya moto.

"Ngoja. Chumba kina kiyoyozi?"

"Kina."

"Mlango wa chuma, unajifunga wenyewe?"

"Unajifunga."

"Kaka, hiyo ofisi au fungate?"

"Usinitie wazimu."

"Wazimu unao tayari. Mwanaume mzima unakaa unasoma namba kama matokeo ya mtihani! Si wewe ndiye mlinzi? Ingia uone. Kama kuna meza na kompyuta, utaomba radhi. Kama kuna kochi..." Akajipangusa mdomo. "Mimi sijasema kitu. Wifi yangu nampenda."

*

Kochi lile halikutoka kichwani. Jumamosi Kamera alikuwa na zamu ya mchana na mkewe alikuwa mapumziko. Wakati anatoka, mke alikuwa uani anafua sare za binti, mikono kwenye povu mpaka viwiko. Pochi ilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Kamera alitia mkono, akatoa kadi, akaificha ndani ya soksi. Mtu aliyewashika wezi wengi anajua pa kuficha.

Saa tisa na ushee hospitali ilipoa. Alimwambia mwenzake anakwenda kukagua korido. Ilikuwa imenyooka na tupu, inanuka dawa ya kusafishia sakafu, na viatu vyake vilipiga kelele kwa kila hatua kana kwamba vinamsemea. Mlango wa chuma ulikuwa na kisanduku kidogo cha vitufe na kioo chembamba cha maandishi. Akaipitisha kadi. Kioo kikaandika: INGIZA NAMBA.

Namba nne. Kamera alitabasamu kidogo. Miaka kumi na saba ya ndoa. Nani angemjua huyu mwanamke kuliko yeye? Akabonyeza mwaka waliooana.

Taa nyekundu.

Akakaa akiitazama. Haikuwa taa kubwa, ila ilimwingia. Sawa. Si kila mtu anakumbuka harusi. Akabonyeza mwaka aliozaliwa binti yao, na hapo hakuwa na shaka, maana mama ni mama.

Taa nyekundu.

Basi si ndoa, si mtoto. Kitu gani basi alichokiweka moyoni mpaka kikawa namba nne? Na hapo, bila kutaka, macho yake yakapanda ukutani. Pembeni ya mlango palibandikwa karatasi: UKIPATA TATIZO MPIGIE FUNDI. Chini yake namba ya simu ya Bwana Chipu, imeandikwa kwa kalamu nene. Tarakimu nne za mwisho zilimtazama.

Kamera alijua asifanye. Kidole hakikujua. Alibonyeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kabla ya ile ya nne akafumba macho akaomba, tena kwa dhati kuliko alivyoomba mwaka mzima, kwamba mlango usifunguke.

Taa nyekundu.

Alicheka! Alicheka peke yake kwenye korido, akaegemea ukuta, akajipiga paja. Siyo yake! Mkewe hakuweka namba ya yule bwana! Mzigo wa wiki nzima ulimtoka begani, akajisikia kijana, akajiona mjinga na akaupenda ujinga wake. Angemnunulia mkewe kitu leo. Angeomba radhi bila kusema kwa kosa gani.

Ndipo akasoma kioo. KADI IMEFUNGWA. ONANA NA MSIMAMIZI.

Akaipitisha tena. KADI IMEFUNGWA. Akaifuta kwenye suruali, akaipuliza, akaipitisha kwa upole, kama mtu anayembembeleza punda. KADI IMEFUNGWA.

*

Jumapili alinunua tikiti maji kubwa, akalikata mwenyewe. Alimsifu mkewe kwa nguo aliyovaa, ambayo ilikuwa ya kufanyia usafi. Mara nne alifungua mdomo aseme, mara nne akaingiza kipande cha tikiti. Kadi ilikuwa imerudi kwenye pochi, imelala kimya, na chipu yake ya dhahabu inang'aa vilevile, maana kadi iliyokufa haigeuki rangi.

"Baba ana nini?" binti alinong'ona.

"Ana aibu ya Ijumaa," mama alijibu. "Muache aimalize."

Jumatatu Kamera alitangulia kazini alfajiri. Saa moja na nusu mkewe alifika langoni, amevaa gauni la bluu la sikukuu na viatu vyenye kisigino, kwa ajili ya barua. Nyuma yake walikuwa watu kama ishirini. Akaweka kadi kwenye mashine. Chuma cha kuzunguka kilichowekwa langoni hakikusogea. Akaweka tena. Mashine ikalia kama mtoto aliyefinywa.

"Mama, songa pembeni," mtu wa nyuma alisema, "wengine tuna wagonjwa."

"Kadi yake haina salio!" mwingine akadakia, watu wakacheka.

Mke akamtazama mumewe kupitia kioo cha kibanda. Kamera akatazama skrini. Skrini iliandika kwa herufi nyekundu: KADI 117 IMEFUNGWA. MZUIE. Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo, utaratibu: asiye na kadi halali aandikwe daftari la wageni.

Angeweza kuufungua kwa mkono mlango mdogo wa pembeni ya lango. Zamani angefanya. Lakini Katibu wa hospitali mwenyewe alikuwa amesimama hatua tano pembeni, anasubiri wakaguzi, na alikuwa anaangalia. Kamera akachukua kalamu.

"Jina," alisema, kwa sauti isiyofika kwenye meno.

"Unasema?"

"Jina la mgeni."

Foleni ikatulia. Yule muuguzi aliyekata nywele akaguna, "Makubwa haya! Kamera, humjui mama watoto wako?"

"Ni utaratibu, dada."

Mke akataja jina lake lote, la kwanza mpaka la babu, polepole, kama anamtajia mtu ambaye hawajawahi kuonana. Kamera akaliandika.

"Kitambulisho?"

Akatoa kitambulisho. Kamera akaitazama picha, akamtazama mwenye picha, maana ndivyo utaratibu unavyotaka.

"Unamwona nani?"

"Nimekuja kuchukua barua yangu ya kazi," alisema mke. "Andika hivyo. Kama naipata."

*

Ofisi ya Katibu ilikuwa na viti vinne na saa ya ukutani iliyokwenda kwa kishindo. Katibu alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na watu walioijua hiyo sauti waliiogopa kuliko ya kupayuka. Bwana Chipu alikaa pembeni na karatasi moja mapajani, hafurahii.

"Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini," Katibu alisoma, "kadi yako ilijaribiwa mlango wa chumba cha mitambo. Mara tatu, namba siyo. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Nilikuwa nafua."

"Kwa hiyo kadi ilitembea yenyewe."

 Mke alikuwa ameshajua. Lilimjia lote kwa mpigo: tikiti maji, sifa za gauni la usafi, yule mtu kutoangalia machoni kutwa nzima.

"Kama ulimpa mtu, unajua sheria. Kama iliibwa, tuambie na nani. Barua yako ninayo kwenye droo hii, imeshasainiwa." Katibu aliigusa droo kwa kidole. "Lakini siwezi kumpa bohari ya dawa mtu ambaye kadi yake inazurura. Nakupa mpaka saa sita. Baada ya hapo naandika barua nyingine."

Mke alipofika langoni, Kamera alikuwa anamwelekeza mzee mmoja njia ya kliniki ya meno. Alisubiri mzee aondoke.

"Wewe," alisema mke. Hilo tu.

"Nilitaka kukuambia jana."

"Jana ulikuwa unakula."

"Mama watoto, sikujua inajifunga. Sisi hawakutuita kwenye mafunzo. Ningejua inajifunga..."

"Ungejaribu mbili tu?"

"Sema ilipotea. Sema imeokotwa."

"Ilipotea Jumamosi, leo asubuhi ninayo shingoni. Na kama ilipotea, mbona sikuripoti? Kutoripoti nako ni kosa." Alizungumza polepole, bila kufoka, na hilo ndilo lililomtisha. "Nimekaa pale, yule mama anauliza nani, jina lako liko hapa kwenye ulimi. Nikilitema, wewe huna kazi. Nikilimeza, mimi sina. Nimekuja kukuangalia tu, nijue nafanya hivi kwa ajili ya mtu gani."

"Utafanyaje?"

"Sitalitaja. Halafu nitaishi na wewe nikijua sikulitaja, na wewe utaishi ukijua." Akageuka, viatu vya kisigino vikagonga sakafu, akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Katibu.

Saa ilikuwa tano na robo. Kamera alibaki kwenye kibanda. Skrini iliendelea kushusha mistari yake: bohari, wodi, choo, lango. Alijitahidi kufikiria ada ya binti, kodi ya nyumba, umri wake, ni nani atamwajiri mlinzi wa miaka hamsini na miwili katika dunia inayolindwa na kadi. Yote yalikuwa kweli. Lakini kupitia dirisha aliona ncha ya gauni la bluu kwenye benchi, na ile ncha haikutikisika.

Saa tano na dakika arobaini alivua kofia, akamkabidhi mwenzake daftari la wageni.

"Unaenda wapi?"

"Kujisalimisha."

Mwenzake alicheka, akidhani ni utani, kwa sababu Kamera alikuwa mtu wa utani.

*

"Ni mimi," alisema, hata kabla ya kuambiwa akae. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na kwenye benchi nje mkewe alisikia kila neno. "Niliitoa kwenye pochi yake, hakujua. Nilitaka kuona ndani ya kile chumba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kadi zao zilikuwa zinafuatana."

Katibu alivua miwani. Masikio ya Bwana Chipu yakaiva.

"Ule mlango unataka kadi mbili, bwana mlinzi."

"Nimeambiwa. Na niliyeambiwa naye sikumwamini."

Saa ya ukutani ikawa kama inatwanga. Halafu Katibu akauliza lile ambalo binadamu yeyote angeuliza, japo halikuwa kwenye sheria yoyote. "Ulibonyeza namba zipi?"

Kamera akamtazama Bwana Chipu.

"Mashine haiandiki namba zilizobonyezwa, mheshimiwa," alisema Bwana Chipu haraka. "Inaandika kwamba imekosewa, basi. Namba zenyewe anazijua yeye peke yake."

Hukumu ilichukua dakika kumi. Miaka kumi na tisa ilimwokoa asifukuzwe, ila haikumwokoa na mengine. Mwezi mmoja nyumbani bila mshahara. Akirudi, harudi langoni. Atalinda uzio wa nyuma, kwenye jenereta, ambako hapiti mtu. Na karani hakuwa ametoa kadi kwa mtu, lakini kadi ilimtoka mkononi akiwa mwenye dhamana nayo. Barua itakaa kwenye droo miezi mitatu zaidi, halafu waangalie tena.

"Miezi mitatu," mke alirudia kwenye benchi, Kamera alipotoka na kuketi mwisho wa pili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nisamehe."

"Ya kwanza uliweka nini?"

Alijua anauliza nini. "Mwaka wa ndoa."

Mke akaangalia sakafu. "Ya pili?"

"Mwaka wa binti."

"Ya tatu?"

Hapo palikuwa na njia pana na nyeupe. Angesema mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa, mke angetabasamu, na hakuna mashine yoyote duniani ambayo ingemsuta. Kamera aliitazama hiyo njia vizuri, kama alivyokuwa akiwatazama watu langoni.

"Namba ya simu yake," alisema. "Nne za mwisho."

Mke akapakata mikono. Wodini mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Na ilipokataa?"

"Nilicheka. Nilifurahi, mama watoto. Sijafurahi vile siku nyingi."

"Mimi ningekasirika kama ungenidanganya sasa hivi," alisema hatimaye. "Na nimekasirika vilevile kwa kuwa hukunidanganya. Sijui nikuweke wapi."

Bwana Chipu akatokea, amebeba kisanduku kidogo chenye vitufe na kadi mpya nyeupe. Hakumtazama Kamera. "Mama, kadi yako. Inabidi uchague namba hapa hapa, nimalizie usajili."

Mke akainuka, akakiweka kisanduku kwenye meza ya korido. Bwana Chipu, kama sheria inavyotaka, akatazama upande mwingine. Kamera alibaki amekaa palepale, mkono mmoja tu kutoka kwenye vitufe, kama mtu aliyekuwa na haki ya kuwepo.

Mke akamgeukia. Alisubiri.

Ikamchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliinuka, akaenda ukutani, akaugeukia. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduka mahali, na alisimama pua yake karibu igusane nayo, mikono nyuma, wauguzi wanapita wanageuza shingo. Nyuma yake alisikia kitufe kimoja. Kisha kimya. Kisha sauti ya kufuta na kuanza upya. Kitufe. Kimya.

"Ni namba nne tu, mama," Bwana Chipu alisema kwa upole.

"Najua," mke akajibu. "Muache asimame."